Ubao Hauvaliwi

Mimi ni fundi cherehani, na nasema hivi bila kujigamba, ingawa najua itasikika kama kujigamba: sijawahi kumpima mteja mara mbili. Nikishakupitishia tepu, nimemaliza. Naandika namba zako kwenye kitabu changu chenye jalada jeusi, kwa kalamu ya wino, na hata ukipotea miaka mitano ukarudi, nafungua ukurasa wako na kazi inaanza. Mteja akinung'unika kwamba sketi inambana, namwonyesha kitabu. Kitabu hakijawahi kumbana mtu.

Mtaani wananiita Nusu Inchi, na jina nalipenda. Ng'ambo ya barabara yuko mwenzangu anayeitwa Mapazia, kwa sababu alianza kwa kushona mapazia, na kwa maoni yangu hajaacha; ukiona mtu kavaa gauni lake unatafuta dirisha liko wapi. Huyo anaandika vipimo kwa penseli. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Nilikuwa nikimwona kupitia kioo cha duka lake akipuliza vumbi la kifutio, na nilikuwa nacheka peke yangu huku nina pini mdomoni, jambo ambalo si salama.

Mke wangu nilimpima mara moja, wiki mbili kabla ya harusi yetu. Yuko ukurasa wa kwanza: bega kumi na nne na nusu, kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na sita, nyonga thelathini na saba. Tangu hapo, kila siku yake ya kuzaliwa, miaka kumi na mitatu mfululizo, nimemshonea gauni kwa siri kwa namba zile zile. Nampa, ananishukuru, analikunja, anasema atalivaa Jumamosi ya wiki ijayo. Na Jumamosi hiyo analivaa kweli, nami nasimama hatua tatu nyuma, mikono kifuani, natazama. Linamkaa sawasawa. Wateja wakiwa karibu nawaambia watazame na wao.

Basi mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, tulikuwa tunakunja shuka, yeye kashika ncha mbili na mimi mbili, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, mwaka huu usinishonee."

Shuka likakunjwa, likawekwa kabatini, akaenda zake jikoni. Mimi nilibaki nimesimama pale na mikono yangu hewani. Mtu anayejua njia moja tu ya kumfurahisha mkewe, ukimwambia aiache, umemwachia nini? Siku tatu nilikosea mishono ambayo huwa naipiga nimefumba macho. Nilimziba mwalimu mmoja wa kwaya mkono wa kushoto wa joho lake, naye akaja kugundua mbele ya watu. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba amechoka na magauni, na kwamba aliyechokwa hasa ni mshonaji.

Kilichoniokoa ni jino. Lilikuwa lake, nami nilimsindikiza kwa daktari. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na televisheni ukutani isiyo na sauti, na ndani ya televisheni mwanamke mmoja amesimama wima juu ya ubao, katikati ya maji yaliyotulia, kasia mkononi, hana haraka na mtu. Sasa mjue kwamba mke wangu anafanya kazi katika ofisi ya maji, chumba cha malalamiko. Kutwa amebana simu kati ya sikio na bega, watu wanamwambia bomba limekauka, bomba limepasuka, bomba linatoa matope, na kila mmoja anaongea kana kwamba yeye ndiye aliyelikalia. Akamtazama yule mwanamke wa kwenye televisheni, shavu limevimba, akasema taratibu, "Yule pale hakuna simu itakayomfikia."

Alilisema kwa njaa. Nikajua zawadi yangu.

Duka la vitu hivyo liko kwenye barabara iendayo bwawani, linauza mahema, ndoano na makasia. Muuzaji ni mama mwenye mabega mapana, miwani moja kichwani na nyingine shingoni, aliyewahi kufundisha watu kuogelea. Alinipokea vizuri. Akaniuliza ubao ni wa nani, nikamwambia. Akauliza kama amewahi kusimama juu ya ubao hata siku moja, nikasema hajawahi, ila kuogelea anajua tangu utotoni. Akafurahi, akanipeleka moja kwa moja mwisho wa duka, akanionyesha ubao wa kujaza upepo kwa pampu, futi kumi na nusu urefu, inchi thelathini na nne upana, unene wa kutosha, rangi ya maziwa. Huu ndio wa anayeanza, akasema. Mpana, umetulia, hata ukiuangukia hauumizi, na ukimaliza unautoa upepo unaukunja.

Nikautazama. Jamani, lilikuwa godoro. Nikajiona namkabidhi mke wangu godoro siku yake ya kuzaliwa, na nikaona uso wake. Katika kazi yangu, kumpa mwanamke kitu kikubwa kuliko yeye ni kumtukana kwa mkono. Nikamwambia muuzaji kwamba mke wangu si mtu wa saizi hiyo. Akajibu kwamba ubao haufuati saizi ya kiuno, unafuata uzito wa mtu na uzoefu wake, na anayeanza anahitaji upana hata awe mwembamba kama kasia. Nilimsikia. Nilimsikia kama niwasikiavyo wateja wanaotaka kunifundisha kazi.

Nikavua tepu shingoni, nikaanza kuzipima mbao zake moja baada ya nyingine, kifuani, kiunoni na nyongani. Nikatoa kitabu, nikamsomea ukurasa wa kwanza. Yule mama alishusha miwani ya kichwani, akavaa na ile ya shingoni juu yake, akanitazama kwa macho yote aliyokuwa nayo.

"Ubao hauvaliwi, fundi," akasema.

Akaniuliza uzito. Hapo nilikwama kidogo, maana kitabu changu hakina kilo. Lakini fundi hakosi hesabu. Nilikuwa nimewahi kumshonea bibi harusi mmoja mwenye vipimo vile vile, ambaye alikuwa anajipima kila asubuhi na kunitangazia, na alikuwa kilo hamsini na mbili. Nikasema hamsini na mbili. Yule mama akauliza nina hakika. Nikagonga kitabu kwa kidole.

Nikachagua ubao mgumu, mwekundu, futi kumi na mbili, inchi ishirini na tano, umechongwa kiunoni mpaka unatamani kuufungia mkanda. Akaniambia ni wa watu wa mashindano. Nikamwambia mke wangu naye si mtu wa mchezo. Akashusha pumzi, akaniandikia karatasi kwamba ukirudi ndani ya wiki mbili bila mkwaruzo atanibadilishia. Sikumwomba karatasi hiyo. Ni yeye aliyeona mbali.

Niliubeba begani, na kufika nyumbani sharti nipite mbele ya Mapazia. Akatoka mlangoni na penseli yake. Akauliza ni wa nani, nikamjibu. Akautazama ule upana, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao siku ile sikuuelewa, kama nimempima mwenyewe. Nikamwambia mke wangu nampima kwa macho. Akasema hongera, akarudi ndani.

Mkono usiotulia ni ugonjwa. Nyumbani nilishindwa kuuacha ubao uchi, nikaushonea gauni la kitambaa kizito cha buluu, lenye zipu ndefu na pindo mbili, likaukamata mwili mzima. Nikausimamisha ukumbini, lakini dari haikukubali, nikaulaza. Siku tatu mke wangu aliuruka huo mzigo wa futi kumi na mbili asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, na hakuuliza ni nini. Siku ya pili aliusalimia.

Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa, tukaenda bwawani: mimi, yeye, na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye gari. Ni gari la kusambaza mikate, milango ya nyuma ikabidi ifungwe kwa kamba, nusu ya ubao ndani na nusu nje, na safari nzima tulinuka maandazi. Shemeji ana mdomo usio na kufuli. Lakini siku ile alikuwa kimya, anautazama ubao kwenye kioo, anamtazama dada yake, anaitazama barabara.

Nilipovuta zipu na ule wekundu ukatokea, mke wangu aliweka mikono yote miwili mdomoni. Alikumbuka ile televisheni. Aliona kwamba mimi nimekumbuka. Machozi yakamlengalenga, akanishika mkono mbele ya mdogo wake, na mimi moyoni nikasema, Nusu Inchi, umepatia.

Akavaa jaketi la kuelea, akajifunga kamba ya ubao mguuni, akaingia majini. Kupiga magoti alipiga vizuri. Kisha akasimama. Ubao ukashuka. Haukwenda chini kabisa, ulishuka taratibu, kwa heshima, mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, na kutoka ukingoni ilionekana mke wangu amesimama juu ya maji matupu. Nilipiga makofi. Ndipo ubao ukaenda kushoto, yeye akaenda kulia, na kasia likabaki katikati.

Akapanda tena, akaanguka tena. Mara ya tatu alianguka kabla hajamaliza kuamka. Mara ya nne akaacha kusimama, akakaa tu, miguu huku na huku, ubao wote umefunikwa na maji, akawa anaonekana kama mtu aliyekaa bwawani anasubiri kuhudumiwa. Nikampazia sauti avute tumbo, maana ndivyo ninavyowaambia wateja nguo ikigoma.

Hapo shemeji akashindwa. Alijishikilia kwenye mlango wa gari la mikate, machozi yanamtoka, akasema, "Shemeji, huu nao Mapazia ataufungua ubavuni?"

"Nyamaza wewe," mke wangu akasema kutoka majini.

Lakini mtama ulikuwa umeshamwagika. Nikauliza Mapazia kafungua nini ubavuni. Shemeji ghafla akakumbuka kwamba ana mikate ya kupanga, ingawa gari lilikuwa tupu. Mke wangu akatoka majini, ameukumbatia ubao, akaulaza kwenye majani, akakaa karibu yangu anachuruzika.

Akanieleza. Tangu gauni la tatu. Kila mwaka, nikishampa zawadi, Jumatatu yake analipeleka kwa Mapazia kwenye mfuko wa sokoni, Mapazia anaachia mishono, anaongeza kipande ubavuni, anashona upya kwa uzi uleule ninaotumia mimi, na wiki inayofuata gauni linavaliwa. Ndiyo maana haikuwahi kuwa Jumamosi hiyohiyo. Na mimi kazi yangu nikishaikabidhi sigeuzi ndani nje kuikagua. Naitazama kwa hatua tatu, mikono kifuani, nikijipongeza.

Mtaniuliza sikuwa na macho? Nilikuwa nayo. Miaka kumi na minne nalala na mtu huyu. Macho yalikuwa yanaona, ila kitabu kilikuwa kinakataa, na mimi nilikuwa nakiamini kitabu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unafurahi sana likinitosha." Akakamua pindo la shati lake. "Halafu nilikuwa nangoja. Wanawake wa mtaa mzima umewapima, Fundi, tepu iko shingoni kutwa. Mimi mara ya mwisho ni kabla ya harusi. Nikasema mwaka huu asishone, pengine atajiuliza."

Nilinuna njia nzima kurudi, lakini kununa kwenyewe hakukuwa na nguvu, maana sikumpata wa kumnunia isipokuwa mimi.

Jumatatu nikapiga moyo konde, nikavuka barabara. Mapazia alikuwa anapima kola. Niliingia na tepu yangu shingoni, kitabu changu kwapani, nikasimama kwenye zulia lake pale wanaposimama wateja, nikasema sentensi ambayo simwombei fundi mwingine yeyote aje kuisema.

"Naomba vipimo vya mke wangu."

Angecheka ningepona haraka. Hakucheka. Alivuta kiti, akanikalisha, akaleta daftari lake. Ukurasa wa mke wangu ulikuwa umefutwa na kuandikwa mara nyingi mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Kuna mwaka kiuno kilipanda inchi mbili, mwaka uliofuata kikashuka moja. Bega lilikuwa limebadilika upande mmoja tu, na pembeni ameandika kwa mwandiko mdogo: simu. Mwanamke wangu mzima alikuwa pale, anapanda na kushuka, na mimi sikuwepo.

Mapazia akaniambia mishono yangu ni mizuri sana, na kwamba kila mwaka alikuwa anasikitika kuifungua. Kisha akalifunga daftari. Akasema lakini hivi ni vya mwaka jana. Mwaka huu hakuleta gauni, kwa hiyo yeye naye hajui. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaning'oa uzi mmoja kwenye bega la koti, nami nikamwachia aung'oe.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kule dukani na ubao, na safari hii nilikwenda na mke wangu. Kwa sababu ya lile gauni la buluu, ubao haukuwa na mkwaruzo hata mmoja, na nilihakikisha muuzaji ameliona hilo. Alipofika kwenye swali la uzito, mke wangu alinitazama, akaniomba niende nikaangalie mahema. Nikaenda. Aliinama akamnong'oneza yule mama sikioni, na yule mama akaitikia kwa kichwa kwa uzito wa hakimu, akaenda moja kwa moja mwisho wa duka, akarudi na godoro.

Nilifunga mdomo wangu. Ilinigharimu, lakini niliufunga.

Bwawani shemeji ndiye aliyepiga pampu, kama adhabu, mpaka akaishiwa maneno. Mke wangu akapanda. Akapiga magoti, akapumua, akasimama. Ule ubao ulitingishika mara moja tu, ukatulia chini yake. Hakuvuta tumbo. Alichovya kasia upande huu, akachovya upande ule, akaanza kuondoka, mgongo umenyooka, na nikaona jinsi alivyo, upana wake, urefu wake, na lile bega moja lililoinuka, bila kitabu cha kunibishia. Sijawahi kumwona amependeza vile ndani ya kitu chochote nilichowahi kushona.

Simu yake ilikuwa mfukoni mwangu. Ikaita. Ilitoka ofisini kwake. Nikaitazama inaita, nikamtazama yeye kule katikati, mdogo kabisa, amesimama. Ikakata. Ikaita tena. Nikairudisha mfukoni.

Alikaa kule saa nzima. Aliporudi ukingoni alikuwa na uso ambao nilikuwa nimeusahau, ule wa wiki mbili kabla ya harusi. Akavua jaketi, akaliangusha kwenye majani, akaja akasimama mbele yangu, maji yanamtiririka, akanyanyua mikono yote miwili pembeni kama wanavyofanya wateja.

"Nipime," akasema.

Tepu niliishika mwisho badala ya mwanzo, na mimi kazi hii naifanya tangu sijaota ndevu. Nikampitishia tepu kifuani. Nikampitishia kiunoni, nikaisoma namba mara mbili, si kwa kuibishia, ila kwa kutaka kuijua vizuri. Shemeji alikuwa ameugeukia mti na kujidai anahesabu majani. Nikapima bega moja, kisha nikapima la pili peke yake. Nilipomaliza nikafungua kitabu ukurasa wa kwanza, nikachomoa kalamu ya wino sikioni.

Mke wangu akaniwekea mkono juu ya ukurasa.

"Andika kwa penseli," akasema.

Sikuwa nayo. Tukaazima ya shemeji, ile anayoandikia mikate.